Nyasi Zinazovuka Kiangazi: Kuchagua Mimea ya Kufunika Ua Mdogo Mbarara na Nakivale

Ua wa nyumba una kazi nyingi. Hapo watoto hucheza, nguo huanikwa, maharagwe hupurwa, wageni hukaribishwa jioni, na maji ya mvua hupita yakitoka batini kuelekea bondeni. Kinachofunika udongo wa ua ndicho kinachoamua kama vumbi litaingia ndani wakati wa kiangazi, kama tope litafika hadi kwenye mkeka wakati wa mvua, na kama msingi wa nyumba utadumu miaka mingi au utaliwa na maji kidogo kidogo. Kuchagua nyasi au mimea ya kutambaa ni uamuzi wa afya, wa maji na wa fedha, na urembo huja baada ya hayo.

Katika kusini-magharibi mwa Uganda uamuzi huo unawakabili watu wa hali mbili tofauti. Mbarara, mji uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020, unapanuka kwa kasi. Viwanja vinagawanywa vidogo vidogo katika maeneo kama Kakoba, Nyamitanga na Ruti, na mwenye nyumba mara nyingi hubakiwa na ardhi ya hatua chache tu kati ya mlango na geti. Upande wa kusini-mashariki, katika wilaya ya Isingiro, kuna makazi ya Nakivale, mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, Wanyarwanda walipokimbilia Uganda, na leo yanahifadhi zaidi ya watu laki moja kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko. Huko familia hupewa kipande cha ardhi cha kujenga na kulima. Ni haki ya kuitumia tu, ardhi haiwi mali yao, na kila hatua ya udongo ina thamani ya chakula.

Ua uliofagiliwa na gharama yake

Desturi iliyoenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ni ua mtupu, uliofagiliwa kila asubuhi kwa ufagio wa chelewa au wa matawi. Desturi hiyo ina sababu zake. Nyoka huonekana mapema, takataka hazijifichi, nafaka zinaweza kuanikwa, na ua safi ni heshima ya mwenye nyumba. Mtu anayetaka kuotesha nyasi hapaswi kuidharau, kwa sababu sehemu ya ua itaendelea kuhitajika ikiwa tupu.

Hata hivyo ua mtupu wote una gharama. Kila ufagio huondoa udongo laini wa juu, na baada ya miaka kadhaa mizizi ya miti huanza kuonekana na kizingiti cha mlango huonekana kimepanda, ilhali ni ardhi iliyoshuka. Tone la mvua likipiga udongo usiofunikwa hurusha chembe za tope hadi nusu mita ukutani au zaidi. Jua likiwaka, udongo huo huwa moto kuliko ule uliofunikwa na majani, na joto hilo hurudi nyumbani. Vumbi kavu na jepesi ndiyo makao ya funza, wale viroboto wadogo wanaopenya kwenye vidole vya miguu na kuwatesa zaidi watoto wasio na viatu.

Hofu ya kwamba nyasi huleta malaria inahitaji kuwekwa sawa. Mbu wa malaria hutaga mayai katika maji yaliyotuama, kama vile dimbwi au shimo la matofali. Nyasi zilizokatwa fupi hazizalishi mbu. Vichaka virefu karibu na dirisha huwapa mbu wakubwa mahali pa kupumzikia mchana, kwa hiyo kanuni ni nyasi fupi na maji yasiyotuama.

Mvua, udongo na jerikeni

Mbarara iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mvua huja mara mbili kwa mwaka: kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Katikati ya vipindi hivyo kuna kiangazi mara mbili, na kikali zaidi ni kile cha Juni, Julai na sehemu ya Agosti. Isingiro ni kavu kuliko sehemu nyingine nyingi za kusini-magharibi mwa Uganda, na vilima vyake vingi vina udongo mwembamba wenye mawe. Mmea wowote wa kufunika ua unapaswa kupimwa kwa swali moja: utakuwaje mwishoni mwa Julai?

Hesabu ya maji inaonyesha kwa nini swali hilo lina uzito. Maji ya kina cha milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyasi zinazotakiwa kubaki kijani wakati wa jua kali hutumia takriban milimita nne kwa siku. Ua wa mita tano kwa nne una mita za mraba 20, na hivyo unahitaji lita 80 kila siku, yaani jerikeni nne za lita 20. Kwa miezi miwili ya Juni na Julai hizo ni jerikeni zaidi ya 240. Kiwango ambacho shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, hulenga kumpatia kila mtu katika makazi ni lita 20 kwa siku. Maji ya ua huo mdogo, basi, yangetosha watu wanne kunywa, kupika na kuoga.

Huko Nakivale, ambako maji mengi hutoka katika ziwa Nakivale na kusafishwa kabla ya kugawiwa kwenye bomba za pamoja, hakuna familia inayoweza kuhalalisha matumizi hayo. Mjini Mbarara bili ya maji hufundisha somo lilelile. Maji ya mji huo hutegemea mto Rwizi, ambao kingo zake zimelimwa na kujengwa kiasi cha kuudhoofisha, na ambao ni sehemu ya mfumo wa maziwa na ardhi oevu unaofika hadi Mburo na Nakivale. Ardhi oevu ya Mburo-Nakivale iliorodheshwa mwaka 2006 chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani inatambuliwa kimataifa kuwa ya thamani. Mkazi wa Mbarara na mkazi wa Nakivale wamefungamanishwa na maji hayohayo.

Nyasi zinazopatikana

Nyasi inayoonekana zaidi katika nyua za Uganda ni paspalamu, ambayo wataalamu huiita *Paspalum notatum*. Asili yake ni Amerika ya Kusini na Kati. Majani yake ni mapana kiasi na magumu, na shina lake nene hutambaa juu ya udongo kama kamba iliyofungwa mafundo. Mizizi yake hushuka chini sana, na hiyo ndiyo siri yake: kiangazi kikija hupauka na kusinyaa bila kufa, na mvua mbili tatu za Septemba huirudishia rangi. Huvumilia kukanyagwa, udongo maskini na miteremko, kiasi kwamba wakulima huipanda pia juu ya matuta ya kuzuia mmomonyoko. Kasoro zake ni tatu. Huenea polepole, haipendi kivuli kizito, na wakati wa mvua hutoa vikonyo virefu vyenye ncha mbili mithili ya herufi V ambavyo vinahitaji kukatwa mara kwa mara. Kwa ua wa watoto, kwa mtu asiye na maji ya kumwagilia, hakuna nyasi inayoishinda.

Ukoka, yaani *Cynodon dactylon*, ni mwenyeji wa siku nyingi katika Afrika Mashariki. Majani yake ni membamba na laini, hufunika ardhi haraka kuliko paspalamu, na hupona upesi baada ya kukanyagwa. Huhitaji jua la mchana kutwa, na kwenye kivuli hukonda na kupotea. Tatizo lake kubwa ni tabia ya kutambaa juu na chini ya udongo kwa pamoja, hivyo huingia kwenye tuta la mboga bila kukaribishwa. Anayeupanda hana budi kuutenga na bustani kwa njia ya mawe, matofali au mtaro mwembamba unaosafishwa kila mwezi.

Nyasi za kikuyu, *Cenchrus clandestinus*, zimetoka katika nyanda za juu za Afrika Mashariki zenye baridi na mvua, na zimebeba jina la Wagikuyu wa Kenya hadi pande za mbali za dunia. Mwaka 1919 mbegu zake zilifika Australia kutoka Kongo ya Wabelgiji, na leo zinafunika malisho na viwanja vya michezo huko, wakati Marekani imeziweka katika orodha ya magugu hatari. Zikipata maji na mbolea hutengeneza zulia nene linalopendeza sana. Zikikosa maji hugeuka rangi ya majani makavu, na zikipata maji mengi hupanda juu ya maua na kuta. Zinamfaa mtu wa Mbarara mwenye muda wa kukata kila wiki na maji ya akiba kutoka batini. Kwa vilima vikavu vya Isingiro ni chaguo baya.

Nyasi kapeti, *Axonopus compressus*, hutambulika kwa majani mafupi mapana yenye ncha butu, yanayolala chini. Uwezo wake mkubwa ni kuvumilia kivuli. Chini ya mparachichi au mwembe, mahali ambapo ukoka na paspalamu hukata tamaa, nyasi kapeti huendelea. Mizizi yake haiendi chini sana, kwa hiyo kiangazi huiumiza, na inafaa upande wa nyumba usiopigwa na jua la mchana.

Zoisia huuzwa kwa wanaotaka ua wa kupendeza kama picha. Ni nyasi laini, iliyosongamana, isiyohitaji kukatwa mara nyingi. Huenea polepole mno, kwa hiyo hununuliwa kwa vipande vilivyokwisha kushonana kama mkeka, na bei yake huwa juu kuliko ya nyasi nyingine. Kwa kipande kidogo mbele ya baraza inaweza kufaa.

Iko pia nyasi ambayo hakuna anayeipanda na kila mtu anayo: lumbugu, inayojulikana sehemu nyingine kama sangari. Mizizi yake mirefu myeupe yenye ncha kali ni adui wa mgomba na mbuni. Katika ua ulio mbali na shamba inaweza kuachwa na kukatwa fupi, na hushikilia udongo vizuri. Katika ua unaopakana na migomba, kuiacha ni kulikaribisha tatizo la miaka.

Mimea isiyo nyasi

Ardhi isiyokanyagwa sana haina haja ya nyasi hata kidogo. Karanga za mapambo, *Arachis pintoi*, ni ndugu wa karanga za kuliwa kutoka Brazili. Hutambaa chini kwa kimo cha sentimita 10 hadi 20, hutoa maua madogo ya manjano karibu mwaka mzima, na mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaoirutubisha ardhi kwa nitrojeni. Hukatwa mara chache tu kwa mwaka, huvumilia kivuli cha wastani, na mabaki yake ni chakula kizuri cha sungura na mbuzi. Hupenda mvua ya kutosha. Mjini Mbarara hustawi upande wenye kivuli. Huko Nakivale inafaa pale tu yanapofika maji ya kuogea au kufulia, na kiangazi inaweza kupukutisha majani kabla ya kuchipua tena.

Kwa familia inayohesabu kila sahani, mmea bora wa kufunika ardhi ni kiazi kitamu. Mashina yake hutambaa na kufunika tuta ndani ya miezi miwili hivi, huzuia magugu, hupoza udongo, na kila wiki hutoa matembele. Kwa Wakongo wengi wa Nakivale matembele ni mboga ya kila siku, hupikwa kwa mafuta ya mawese au kwa karanga zilizosagwa. Uganda ina sababu ya kujivunia zao hili. Mwaka 2007 ilitoa kwa wakulima aina za viazi lishe vya rangi ya chungwa, Kabode na Vita, vyenye utajiri wa vitamini A inayolinda macho na afya ya watoto. Mtafiti Mganda Robert Mwanga, aliyezifanyia kazi aina hizo, alikuwa mmoja wa washindi wanne wa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016. Ua uliofunikwa kwa viazi lishe humpa mtoto kinga chini ya ardhi na juu yake.

Maboga na kunde hufanya kazi hiyohiyo kwa msimu mmoja: majani mapana hufunika ardhi, majani machanga huliwa, kisha huja boga au kunde zenyewe. Mimea hii haivumilii miguu, na sehemu yake ni pembeni mwa ua, nyuma ya jiko na kando ya uzio.

Kwenye mipaka na miteremko kuna mimea ya mashina inayosimama kwa vichaka. Mchaichai hushikilia ukingo wa tuta na kutia ladha chai ya jioni. Vetiva, nyasi ndefu yenye mizizi inayoweza kushuka mita tatu, hupandwa kwa mstari kukata mteremko. Ikishasongamana huwa ukuta hai unaopunguza kasi ya maji na kuuacha udongo nyuma yake. Kwenye nyumba zilizojengwa kwenye vilima vya Juru au Rubondo, huko Nakivale, mstari mmoja wa vetiva juu ya nyumba unaweza kuzuia maji ya kilimani yasiingie mlangoni. Mshubiri nao hukaa mahali penye mawe na jua kali pasipokubali kitu kingine.

Mimea ya kuepukwa

Baadhi ya mimea inayouzwa au kugawanywa kwa sababu ya uzuri wake huleta hasara baadaye. Lantana yenye maua ya rangi nyingi huvutia macho, lakini ni sumu kwa ng'ombe na mbuzi, na imevamia malisho mengi ya Afrika Mashariki. Wedelia, mmea wa kutambaa wenye majani ya kung'aa na maua ya manjano kama alizeti ndogo, hufunika ardhi haraka ajabu, kisha huruka uzio na kuingia kwenye mitaro na mabonde. Mimea hii miwili imo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Katika eneo ambalo maji mengi huishia kwenye ardhi oevu yenye hadhi ya kimataifa, kuipanda ni kuwakosea majirani.

Mnyaa, ambao hupandwa sana kuwa uzio, una utomvu mweupe unaounguza ngozi na unaoweza kudhuru macho vibaya. Hauna nafasi pale watoto wanapocheza. Omutete, nyasi ndefu ya vishungi ambayo wafugaji wa Ankole wanaijua kwa kuharibu malisho kwa sababu ng'ombe hawaili, unafaa kwa kuezekea, na haufai kuletwa uani.

Nyasi na udongo havipaswi kuchimbwa kwenye kingo za Rwizi au za ziwa Nakivale. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinalinda maeneo hayo, na mizizi iliyoko huko ndiyo inayozuia tope lisijaze ziwa ambalo watu hunywa maji yake.

Kugawa ua kwa kazi zake

Kosa la kawaida katika ua mdogo ni kutafuta mmea mmoja wa kufunika kila mahali. Hakuna mmea wa namna hiyo. Ua hugawanywa kwanza, kisha kila sehemu hupewa kinachoifaa.

Sehemu ya kwanza ni upenuni. Hapa panastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za udongo huanza kufa. Paa la mabati la urefu wa mita sita na upana wa mita nne hupokea lita 720 za maji katika mvua ya milimita 30. Paa likiwa na miteremko miwili, lita 360 huanguka kila upande, yaani lita 60 kwenye kila mita ya urefu wa ukuta, zote katika mstari mwembamba kama kamba. Hakuna nyasi inayoweza kuota chini ya kipigo hicho. Dawa yake ni mtaro wa kina cha sentimita 15 na upana wa sentimita 40 chini ya ukingo wa bati, uliojazwa mawe ya ukubwa wa ngumi na kuinamishwa kidogo ili maji yasonge mbele. Mawe huvunja nguvu ya matone na kuzuia tope lisiruke ukutani. Nje ya mtaro hupandwa ukanda wa paspalamu wa nusu mita, unaokamata udongo wowote utakaotoroka. Kazi hii haihitaji fedha, ni nguvu za siku moja tu, na katika nyumba ya matofali mabichi huongeza miaka ya ukuta. Mwenye uwezo wa kufunga mlizamu na pipa hupata pia maji ya akiba.

Sehemu ya pili ni njia: mlango hadi geti, mlango hadi jiko, jiko hadi choo. Miguu ya kila siku huua nyasi yoyote. Njia hutandikwa mawe bapa, matofali yaliyovunjika, changarawe au moramu iliyoshindiliwa, na iwe juu kidogo kuliko ua ili maji yasikae.

Sehemu ya tatu ni ya kuanikia na kufanyia kazi. Hii ibaki wazi, ngumu na iliyofagiliwa. Ua wa mita chache hauhitaji sehemu kubwa ya namna hii, na karibu na jiko panatosha.

Sehemu ya nne ni uwanja wa watoto na wageni, na hapa ndipo nyasi hustahili: paspalamu kwenye jua, nyasi kapeti chini ya mti. Sehemu ya tano ni pembe na kingo zisizopitwa. Hapo ni mahali pa matembele, maboga, mchaichai au karanga za mapambo, kulingana na mahitaji ya nyumba. Mjini, mwenye kipato cha mshahara anaweza kuipa sehemu ya nne nafasi kubwa. Huko Nakivale sehemu ya tano ndiyo inayopaswa kutawala, na nyasi zibaki ukanda mwembamba wa kulinda nyumba na kiwanja kidogo cha kuchezea.

Chini ya migomba, ambayo ni uti wa mgongo wa kilimo cha Isingiro, hakuna haja ya nyasi wala mmea wa kutambaa. Matandazo ya majani makavu ya mgomba, mabua ya mahindi au makapi ya kahawa hufunika udongo na kuurutubisha yakioza. Yawekwe mbali kidogo na shina la mgomba na mbali zaidi na ukuta wa nyumba, kwa sababu mchwa hufuata majani makavu.

Kupanda na kutunza

Wakati wa kupanda ni mwanzo wa mvua, mwezi Machi au Septemba, mara udongo unapolowa kwa kina cha kidole. Mvua za Septemba hadi Desemba hufaa zaidi, kwa kuwa huipa nyasi muda wa kushusha mizizi kabla ya kiangazi kifupi cha Januari na Februari, kisha mvua za Machi huimalizia kabla ya Juni.

Udongo hulimwa kwa kina cha sentimita 15 na kila mzizi wa lumbugu huondolewa kwa mkono, kwa kuwa kipande kilichobaki huota upya. Samadi iliyooza huchanganywa, ardhi husawazishwa kwa mwinamo mdogo kutoka nyumbani kwenda nje, kisha huachwa wiki mbili ili magugu yaliyofichika yachipuke na kung'olewa.

Nyasi za kupanda hazihitaji kununuliwa kila mara. Shada moja la paspalamu kutoka kwa jirani hugawanywa kuwa vipande vingi, kila kimoja kikiwa na mizizi na fundo la shina. Hupandwa kwa nafasi ya sentimita 20 kila upande, yaani vipande 25 kwa mita moja ya mraba, au 500 kwa ua wa mita za mraba 20. Kila kipande hushindiliwa kwa kisigino ili hewa isibaki kwenye mizizi. Watoto na kuku huzuiwa kwa miezi miwili ya mwanzo, na magugu hung'olewa kabla hayajatoa mbegu. Mwenye ua mkubwa kuliko nguvu zake apande nusu mwaka huu na kutumia nusu hiyo kuwa kitalu cha mwaka ujao.

Kukata hufanywa kwa fyekeo lililonolewa, na nyasi zisishuke chini ya sentimita tano. Wengi hukata hadi udongo uonekane wakidhani wanapunguza kazi. Nyasi zilizonyolewa hivyo hupoteza mizizi, udongo hukauka, na magugu hujaza mapengo. Kiangazi kikikaribia, nyasi ziachwe zirefuke hadi sentimita saba au nane, maana majani huutia udongo kivuli. Zilizokatwa hupewa mbuzi au sungura, au huachwa palepale zirudishe rutuba.

Maji yaliyotumika kufulia na kuogea yanaweza kwenda kwenye nyasi, karanga za mapambo na miti, mradi hayana dawa ya kung'arishia nguo na yanahamishwa mahali siku hadi siku. Yasimwagwe juu ya mboga za majani. Maji safi ya jerikeni yabaki ya watu na miche ya chakula.

Anayehitaji ushauri zaidi anaweza kumwendea afisa kilimo wa kata, au kituo cha utafiti wa kilimo cha kanda kilichoko Mbarara, MBAZARDI, kilicho chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, NARO. Jirani ambaye nyasi zake zimevuka viangazi viwili bila kumwagiliwa naye ni mwalimu mzuri, kwa kuwa udongo wake na mvua yake ni vilevile.

Kwa ua mdogo wa eneo hili, basi, uamuzi ni huu. Mawe na paspalamu vilinde nyumba, njia ziwe ngumu, sehemu ya watoto iwe na nyasi isiyodai jerikeni, na kila pembe iliyobaki ilishe familia. Mmea usioweza kuvuka Julai kwa mvua ya Mei usipandwe, hata ukiwa mzuri namna gani. Asiye na nguvu za kufanya yote aanze na upenu kabla ya mvua za Septemba, kwa maana ukuta ukiokoka, mengine yote yanaweza kungoja msimu unaofuata.